Modemu ya kuchomeka imegoma: kutafuta ugonjwa kwenye kompyuta ya zamani

Kompyuta za mezani zenye Windows 7, na chache za XP, bado zinapiga kazi majumbani huku kwetu, kuanzia Mbeya mjini hadi Mafinga na Njombe. Nyingi hazina Wi-Fi. Zinaingia intaneti kwa modemu ya kuchomeka, ile ndogo ya USB inayobeba laini ya simu tumboni. Na modemu hiyo, japo haina waya wa simu ya mezani, bado inapiga simu. Ukibonyeza kitufe cha kuunganisha, kompyuta inapiga namba *99#, mtandao unaitikia, ndipo data inaanza kupita. Hata amri inazopewa ni za ukoo ule ule unaoanza na herufi AT, uliokuja na modemu za Hayes mwaka 1981.

Kwa hiyo inapogoma, usianze kuwaza kupiga Windows upya. Jiulize simu imeishia wapi. Umeme umefika kwenye modemu? Kompyuta imeitambua? Laini imesomeka? Mnara umeikubali? Simu imeitikiwa? Kurasa zinafunguka? Hatua moja ikifa, zote zilizo mbele yake zinaonekana zimekufa pia, na hapo ndipo watu wanapotibu kisichoumwa. Fundi anayekimbilia kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya, kabla ya kuuliza maswali haya anakuuzia kazi ambayo hukuihitaji, na picha za harusi zinaondoka nayo.

Kwanza jua mgonjwa ni nani

Toa laini kwenye modemu, iweke kwenye simu, zima Wi-Fi ya simu, fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, laini iko salama na bando lipo. Kisha chukua modemu uichomeke kwenye kompyuta ya jirani. Ikifanya kazi kule, ugonjwa uko kwenye kompyuta yako. Ikigoma kote kote, modemu ndiyo ya kushukiwa.

Laini ikigoma hata kwenye simu, piga *106# uone kama imesajiliwa na kwa jina la nani. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na laini za modemu ndizo zilizosahaulika zaidi, kwa sababu hakuna anayezipigia simu. Laini iliyokaa droo muda mrefu bila kuwekwa vocha nayo inaweza kuwa imeshafungwa. Hapo hakuna la kufanya kwenye kompyuta. Nenda kwa wakala na kitambulisho chako cha NIDA.

Soma taa kabla ya kusoma skrini

Taa ya modemu haina sababu ya kukudanganya. Kwa Huawei za kizazi cha E173, kijani inayopepesa mara mbili mbili maana yake umeme upo lakini haijashika mtandao. Kijani inayopepesa mara moja moja, imeshika 2G. Bluu inayopepesa, imeshika 3G. Taa ikituama bila kupepesa, simu imeitikiwa na umeungana: kijani kwa 2G, bluu kwa 3G, na bluu iliyofifia kuelekea samawati ni ile 3G ya kasi. ZTE nyingi huwaka nyekundu zikiwa bado hazijashika mtandao.

Mtu akinipigia simu kuomba msaada, hilo ndilo swali langu la kwanza. Nusu ya safari inaishia pale.

Taa haiwaki, au inazima ukibonyeza kuunganisha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kompyuta za zamani zinapoonewa zaidi.

Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa hadi miliampea 500. Modemu ikiwa imetulia haihitaji hata nusu ya hizo. Inapopiga simu mambo yanabadilika, na mnara ukiwa mbali inalazimika kupaza sauti zaidi, yaani inavuta umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana modemu ile ile inafanya kazi vizuri pale Mafiati, Mbeya mjini, lakini ukiipeleka bondeni Kiwira inawaka, inatafuta mtandao, unabonyeza kuunganisha, taa inazima, na kompyuta inatoa ule mlio wa kifaa kuchomolewa. Mwenyewe anaapa modemu imeungua. Haijaungua. Ina njaa.

Tibu hivi. Ichomoe kwenye matundu ya mbele ya kasha, ichomeke nyuma, moja kwa moja kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Matundu ya mbele yanapitia waya mwembamba wa ndani, na kwenye kasha za bei rahisi waya huo ni duni, au umelegea tangu siku kasha lilipofunguliwa kupulizwa vumbi. Pili, chomoa vitu vingine vinavyokula umeme wa USB: spika ndogo, feni, simu inayochajiwa. Watu wengi wanachaji simu kwenye kompyuta huku wanashangaa modemu inakata. Tatu, kama unatumia waya wa kurefusha, utoe kwanza ujaribu bila huo. Nyaya ndefu za rangi rangi zinazouzwa mezani Mwanjelwa nyingi zina shaba nyembamba kama unywele, na umeme unaishia njiani.

Ikiwa hata nyuma inazima, tafuta waya wa USB wenye vichwa viwili upande wa kompyuta, unaochukua umeme kwenye matundu mawili kwa pamoja. Kama huna, kitovu cha USB (hub, kile kigawio chenye matundu mengi) chenye adapta yake ya ukutani kinafanya kazi hiyo hiyo, ila umeme ukikatika nacho kinakufa.

Pawasaplai ya kompyuta, ile inayogawa umeme ndani ya kasha, ikiwa imechoka huleta dalili hizi hizi. Ukiona kipanya nacho kinapotea na kurudi, au kompyuta inajizima CD inapoanza kuzunguka, acha modemu, shughulikia pawasaplai. Huku Rungwe baada ya msimu wa radi huwa nakutana na matundu mawili ya USB yaliyokufa kabisa huku mengine yakiwa mazima, kwa hiyo jaribu yote kabla ya kukata tamaa.

Inaonekana kama CD, basi

Modemu hizi zina hila moja. Ukizichomeka mara ya kwanza zinajitambulisha kama CD yenye programu ndani. Programu ikishawekwa na draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) kukaa sawa, modemu inageuka: CD inarudi nyuma, modemu halisi inajitokeza. Ukiona CD tu na siku zote ni CD tu, mgeuko haujatokea.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter. Orodha ya vifaa itafunguka. Tafuta kundi la modemu. Kama kuna alama ya mshangao ya njano mahali popote, draiva haijakaa.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni uchafu wa modemu za zamani. Mtu alikuwa na ya kampuni moja, akanunua ya pili bando lilipopanda bei, shemeji akamwachia ya tatu. Kila moja imeweka programu yake, na nyingi ni programu moja iliyobadilishwa rangi na nembo, hivyo zinagombania mafaili yale yale na poti zile zile, yaani njia ambazo kompyuta huongea na modemu. Ondoa zote kwenye orodha ya programu, hata unayoitumia. Zima kompyuta, iwashe modemu ikiwa nje. Subiri Windows itulie kabisa, ndipo uchomeke modemu moja na kuweka programu yake moja, ile iliyomo ndani yake. Na ukishaiweka, iache kwenye tundu lile lile; ukiihamisha, Windows huiona kama kifaa kipya na kuanza kuweka draiva upya.

Inasema hakuna laini

Modemu hizi zilitengenezwa kwa laini kubwa, milimita 25 kwa 15. Siku hizi laini nyingi zimeshakatwa kuwa za nano kwa ajili ya simu, kisha zinarudishwa kwenye fremu ya plastiki ili zitoshe. Fremu ikiwa na unene tofauti kidogo, laini inazama na vijino vya shaba havigusi. Angalia kwa tochi ya simu: vile vijino vidogo ndani ya modemu vinatakiwa kusimama vyote kwa urefu mmoja. Kimoja kikiwa kimelala, kuna mtu alichomeka fremu tupu akaivuta kwa nguvu. Kiinue kwa sindano, taratibu, modemu ikiwa imechomolewa.

Tukuyu na Kyela kuna unyevu wa kutosha kuifanya shaba ya laini iwe na ukungu. Ifute kwa kifutio cha penseli, kisha kitambaa kikavu. Usitumie mate, tafadhali.

Kama inadai PIN na huijui, usibahatishe. Ukikosea mara 3 inafungwa hadi upate namba ya PUK, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa moja kwa moja. Na kama laini inasomeka ukiweka ya kampuni A lakini ukiweka ya kampuni B inadai msimbo wa kufungua, modemu imefungwa mtandao; iliuzwa ikiwa ya kampuni moja. Msimbo huo una idadi maalumu ya majaribio, kwa hiyo usimwachie kijana abonyeze bonyeze namba alizozikuta mtandaoni.

Mtandao upo, lakini haiungi

Hapa Windows hukupa namba ya kosa, na namba hiyo ina thamani kuliko maelezo marefu yaliyo chini yake. Iandike.

Kosa 619 na 628 kwa modemu hizi karibu kila mara linaelekeza kwenye APN, jina la mlango ambao laini yako inatakiwa kuingilia. Kampuni nyingi hutumia neno internet, lakini si zote. Njia ya uhakika: weka laini kwenye simu janja, fungua mipangilio ya mtandao wa simu, nakili APN kama ilivyoandikwa, nukta kwa nukta. Kisha kwenye programu ya modemu tengeneza wasifu mpya wenye APN hiyo, namba *99#, na uache sehemu ya jina na nywila wazi isipokuwa simu ilionyesha vinginevyo. Herufi moja ya ziada au nafasi iliyobaki mwishoni inatosha kukunyima.

Kosa 633 au 797 linasema modemu inatumika na kitu kingine au haipatikani. Kuna programu imeshika poti. Funga programu ya modemu kabisa, hata kile kialama chake karibu na saa, chomoa, subiri taa izime, chomeka tena. Ikijirudia, rudi kwenye sehemu ya uchafu wa modemu za zamani.

Kosa 692 ni la kifaa chenyewe, lakini usiitupe modemu bado: umeme mdogo wa USB nao huweza kuleta namba hiyo hiyo. Kosa 691 ni jina au nywila kukataliwa, na kwa kuwa hazihitajiki mara nyingi, zifute. Kosa 678, upande wa pili haujaitikia. Angalia mtandao na namba uliyopiga. Kosa 720 ni kompyuta yenyewe kushindwa kukubaliana na upande wa pili kuhusu anwani. Hapo sehemu ya Windows inayoshughulikia TCP/IP, yaani kanuni za mawasiliano ya intaneti, imeharibika. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika netsh int ip reset resetlog.txt, kisha washa upya.

Na kama programu ya modemu ndiyo inayosumbua, iache. Tengeneza muunganisho wa simu kwenye Windows yenyewe, namba *99#, kisha kwenye sifa za modemu (Properties), sehemu ya amri za ziada, andika AT+CGDCONT=1,"IP","internet" ukibadilisha neno la mwisho liwe APN yako. Mimi kompyuta nyingi za zamani naziacha hivi. Zinawaka haraka na hakuna matangazo ya bando yanayoruka mbele ya uso.

Imeungana, kurasa hazifunguki

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tukuyu alinipigia akilalamika kwamba imeandika imeungana, lakini kila ukurasa unamwambia si salama.

"Shikamoo mwalimu. Hebu angalia saa pale chini kulia, inasomaje?"

"Marahaba fundi. Inasema Januari 2009."

Betri ya madabodi ilikuwa imeisha. Ni ile ya duara, CR2032, inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma, na kurasa za sasa zina vyeti vya usalama vyenye tarehe za kuanza na kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2009 inaona vyeti vyote ni vya siku ambazo hazijafika. Badilisha betri, weka tarehe sahihi, kazi imeisha.

Tarehe ikiwa sawa na bado zinagoma, hasa baadhi ya kurasa tu, kivinjari ndicho kimezeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mzizi kilichotegemewa na tovuti nyingi mno kiliisha muda, na Windows ambazo hazijasasishwa zikaachwa nje. Firefox ina orodha yake yenyewe ya vyeti, kwa hiyo ndiyo dawa nyepesi: toleo 115 ESR kwa Windows 7. Kwa XP la mwisho ni 52 ESR, nalo halitakufikisha mbali. Kwa benki au barua pepe za kazi usitumie kabisa kompyuta ya XP, hata ikifungua.

Kama hakuna kinachofunguka kabisa, angalia bando. Limeisha? Mitandao mingine inakuunganisha hata bila bando, inakunyima tu njia. Na kama linaisha kwa kasi ya ajabu, antivirusi au programu nyingine inajisasisha kimya kimya. Zima usasishaji wa moja kwa moja, uufanye mwenyewe siku una bando kubwa la usiku.

Inakata, au inatambaa

Ikikata kila unapoiacha bila kuigusa kwa muda, Windows inazima tundu la USB ili kuokoa umeme. Kwenye ile orodha ya devmgmt.msc, fungua vitovu vya USB kimoja kimoja, sehemu ya umeme, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa.

Ikikata ovyo, mara nyingi ni mahali ulipo. Nyumba iliyo Ipogolo, chini ya mteremko wa Iringa mjini, inaweza kushika mnara wa juu kwenye dirisha moja na kukosa kabisa kwenye chumba cha pili. Bati juu na tofali za kuchoma pembeni havisaidii. Hamisha modemu, si kompyuta: waya mzuri wa kurefusha wa mita moja na nusu hadi 3, modemu ikae dirishani upande wa mnara, juu, mbali na nondo za dirisha. Lile sufuria watu wanaloliweka nyuma ya modemu si ushirikina, linaakisi mawimbi, lakini kwanza tafuta dirisha.

Ukiona kwenye programu ya modemu herufi E badala ya H (3G ya kasi), umeshuka kwenye EDGE ya 2G, ambayo hata ikijitahidi inaishia karibu kilobiti 236 kwa sekunde, wakati E173 kwenye 3G inaweza kufika megabiti 7.2. Ndani ya programu ya modemu ilazimishe itumie 3G tu. Ikipoteza mtandao kabisa, 3G haikufikii hapo, irudishie uhuru wake wa kuchagua. Na kama ni nzuri asubuhi halafu inatambaa saa mbili hadi saa nne usiku, hakuna kilichoharibika; mnara umejaa watu. Pakua mafaili alfajiri.

Iulize modemu yenyewe

Ukishindwa kuelewa, fungua PuTTY, programu ya kuandikia vifaa amri, chagua poti ya COM iliyoandikwa kwenye sifa za modemu, andika AT. Ikijibu OK, iko hai na kompyuta inaifikia. AT+CPIN? ikijibu READY, laini imesomeka. AT+CREG? ikijibu 0,1 mnara umeikubali. 0,2 bado inatafuta. 0,3 imekataliwa, na hapo rudi kwenye usajili wa laini. AT+CSQ inakupa nguvu ya mawimbi kutoka 0 hadi 31. Chini ya 10 utateseka. 99 maana yake haijui, yaani haijashika chochote. Ukiwa unazunguka na modemu dirishani, amri hii ya mwisho ina ukweli kuliko vile vijiti vitano vya kwenye skrini.

Kwa wenye modemu ya simu ya mezani

Nikutanapo nazo ni za ndani ya kasha, zenye tundu la waya wa simu, kasi ya kilobiti 56 ikiwa laini ni safi. Kosa 680 maana yake haisikii mlio wa kupiga: chomeka simu ya kawaida kwenye waya ule ule usikilize. Ukisikia mikwaruzo baada ya mvua, maji yameingia kwenye maungio ya waya. Mlio ukiwepo lakini modemu haiutambui, ondoa tiki ya kusubiri mlio kabla ya kupiga. Ila inahitaji namba ya mtoa huduma anayepokea simu za aina hiyo, na bila namba hiyo ukarabati wote ni mazoezi.

Ukiamua kununua nyingine

Zilizokwisha kutumika zipo kwa wingi Kabwe na Mwanjelwa, Mbeya mjini. Nenda na laini yako na, kama unaweza, kompyuta ndogo ya kujaribia. Chomeka hapo hapo, mbele ya muuzaji, uunganishe hadi ukurasa ufunguke, si hadi taa iwake. Jaribu laini za kampuni mbili tofauti ili ujue kama imefungwa. Kisha andika AT+CGSN na ulinganishe namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa kifaa, inayotoka na ile iliyobandikwa mgongoni. Zikitofautiana, mrudishie modemu yake.